Macho ya Manjano

Mpiga picha alikuwa na chumba kimoja cha kazi: pazia jeupe, taa mbili na kompyuta. Siku moja mdogo wake, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuja kupiga picha ya kitambulisho.

Picha ilipotokea kwenye kompyuta, mpiga picha alicheka.

"Mdogo wangu, macho yako kama kiini cha yai!"

"Moshi wa kazi huo, kaka. Na hili tumbo linajaa gesi, hata kula sina hamu. Nikimeza vidonge vya dukani linatulia. Wewe safisha tu, nitoke kama bwana harusi."

Mpiga picha akayafanya macho meupe pe. Wakacheka, wakaagana.

Haikupita miezi mingi, shemeji yake akapiga simu huku analia. Mumewe alikuwa ametapika damu.

Hospitalini madaktari waliizuia damu isiendelee kutoka, kisha wakamwita daktari bingwa wa tumbo na ini. Akampima.

"Ni homa ya ini aina ya B," alisema. "Imekaa kimya miaka mingi. Ini limeota makovu."

"Tulidhani ni gesi, daktari," shemeji alisema.

"Gesi ya siku moja mbili si ajabu, mama. Lakini macho yakiwa ya manjano, mkojo ukikolea kama chai ya rangi, kinyesi kikiwa cheusi kama lami, au tumbo likivimba, msisubiri. Nendeni hospitali, muulize kama mgonjwa anahitaji bingwa. Kwani macho yake hamkuyaona?"

Mpiga picha aliinamisha kichwa. "Niliyaona, daktari. Nikayafuta."

Sauti dhaifu ikatoka kitandani. "Usijitese, kaka. Hata mimi nilikuwa najitazama kwenye kioo kila asubuhi."

Daktari hakuwagombeza. Aliwaeleza kwamba ugonjwa huo hauambukizi kwa kula pamoja. Huambukiza kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto anapozaliwa. Familia nzima ikapimwa. Mke na watoto walikutwa salama, wakachanjwa.

Sasa fundi anameza dawa kila siku na pombe ameiacha kabisa, kama daktari alivyomwagiza. Hamu ya kula imerudi. Lakini mageti mazito hanyanyui tena. Hukaa kwenye kigoda karakanani, akiwaelekeza wenzake.

Mpiga picha hupita kumjulia hali. Wakati mwingine humwona mdogo wake akinyoosha mkono kulishika geti, kisha akiurudisha mapajani. Hapo kaka hugeuza uso, mdogo wake asijue kwamba ameonwa.