Mwiko Haujagonga

Asubuhi hiyo Kidomo alichukua mwiko wa mama jikoni. Walimwita Kidomo kwa sababu hakujua kunyamaza. Siku hiyo alikuwa mwenyekiti wa mchezo wa mabalozi shuleni, ambapo wanafunzi huwakilisha nchi za kubuni, na mwenyekiti lazima awe na kitu cha kugongea meza.

"Mwiko huo urudi mzima!" alisema mama, bila kucheka. Hakuwa amecheka kwa wiki tatu. Matusi yalikuwa yamemfikia shangazi kutoka akaunti ya simu ya mama, na shangazi akakata mguu, asije tena kwao.

Fundi simu wa jirani alikuwa ameikagua simu hiyo.

"Kuna mtu alikuomba namba za siri zilizokuja kwa ujumbe?"

"Alisema anatoka kampuni ya simu. Nikampa."

"Hapo ndipo alipoingia. Akaunti ni yako, lakini aliyeandika ni yeye. Namba hizo usimpe mtu, hata ajiite nani."

Shangazi alipoelezwa, hakutaka kusikia. "Jina lake nimeliona kwa macho yangu!"

Darasani mwalimu alisoma tatizo la mchezo. Wahalifu wamefunga kompyuta za hospitali za Nchi ya Mto. Wagonjwa wanateseka. Shambulio limepitia kompyuta za Nchi ya Mlima. Azimio halipiti mpaka mwenyekiti agonge meza.

"Ushahidi huo hapo!" alifoka balozi wa Mto. "Tuwafungie mipaka leo leo!"

Mikono ikapanda, karibu yote. Kidomo akaukumbatia mwiko.

"Sigongi."

"Gonga, au tukuvue uenyekiti!" walifoka mabalozi.

"Nivueni! Mmeiona kompyuta. Aliyeitumia mmemwona? Mwizi akiingia kwangu, akakurushia mawe kupitia dirisha langu, utanipiga mimi?"

Balozi wa Mlima akasimama. "Njooni mkague kompyuta zetu."

Wakaandika upya: wote wasaidie hospitali kwanza, kisha wataalamu wa pande zote wachunguze, lawama baadaye. Kidomo akagonga mpaka meza ikatikisika. Mwalimu akafungua bahasha ya jibu. Kompyuta za Mlima zilikuwa zimetekwa na watu wengine kabisa.

Kidomo hakupitia nyumbani. Aliugonga mlango wa shangazi kwa mwiko ule ule.

"Shangazi, leo utanisikiliza. Ukinifukuza, nalala hapa hapa mlangoni."

Shangazi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akavaa viatu, wakaenda pamoja kwa mama.

"Wifi, nisamehe," alimwambia mama. "Hata mimi jana nilipigiwa na huyo wa kampuni ya simu. Nikaanza kumsomea namba zenyewe."

"Ukamaliza?"

"Simu ilizimika. Chaji iliisha!"

Mama akacheka mpaka akakaa chini.