Sauti ya Zumari

Aliyetusimulia kwanza habari hii ni mama yetu, mwaka uliofuata mazishi ya baba, tulipokuwa tukikunja nguo za marehemu.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa mwita wagonjwa katika zahanati. Wagonjwa walimpachika jina la Zumari, maana akiliita jina la mtu, hata mwenye homa alinyanyuka akitabasamu. Mama alifagia hapo hapo. Zahanati ilipounganishwa na nyingine, mkurugenzi mpya aliajiri fundi wa kompyuta aunde mfumo wa kuita wagonjwa. Ilitakiwa sauti ya kurekodiwa. Shangazi alijipulizia manukato, akangoja. Akachaguliwa mama.

“Hongera, wifi,” shangazi alisema. “Ufagio umeota ulimi.”

“Wifi, mimi sikuomba.”

“Mwizi naye huwa haombi.”

Siku ya majaribio ukumbi ulinuka nywele zilizoungua. Spika zikakoroma, kisha ikatoka sauti: si ya mama, ya shangazi. Fundi alikagua rekodi. Zote zilikuwa za mama. Watu wakashangilia, “Zumari huyo!” Shangazi akafungua kinywa acheke, kisitoke kitu.

Tangu hapo hakutamka neno. Mashine ikizimwa, sauti yake iliendelea ndani ya ukuta, nyuma ya makabati, kwenye bomba la sinki, tamu vile vile, ikiita majina ya watu ambao hawajafika, na jioni watu hao hao wakaletwa wamebebwa, na mama, aliyekuwa akifagia huku amejifunga kanga masikioni, akasikia mabomba yote yakimwita yeye, polepole, wifi, wifi, njoo.

Akamshika shangazi mkono, akampeleka kwa mganga.

“Huyu mbona mteja wangu?” mganga alinong'ona. “Alitaka mashine isiseme kwa sauti yako. Nikamtia jini humo. Jini hana sauti yake, mama. Huchukua ya aliyemtuma.”

Mama alimgeukia shangazi. Shangazi akatazama chini.

“Mtoe,” mama akasema. “Ni wifi yangu.”

“Nileteeni mashine aliyomo. Moja tu. Akitoka, sauti itarudi.”

Walirudi mbio. Mkurugenzi alikuwa amehamishwa. Aliyeshika nafasi yake aliupenda mno mfumo ule. Fundi aliwalaki kwa furaha.

“Mradi umepanuka, mama! Tumeunakili katika zahanati zote za wilaya.”

“Ile mashine ya kwanza iko wapi?”

“Tumeifuta, tukaigawa vipuri. Ya nini tena? Zote ni sawa sasa.”

Mama alisema pale ndipo shangazi alipolia, machozi matupu, bila mlio.

Mganga alifariki zamani. Fundi yu hai, ana cheo. Mama yu hai. Shangazi naye yu hai, tunaishi naye. Kila mwezi humvuta mama hadi zahanati, wakaketi benchini aisikilize sauti yake ikiita, na mama akitaka kusema lolote, shangazi humziba mdomo kwa kiganja.