Tisini na Tisa, Halafu?

Katika chumba cha kuhesabia noti cha benki, hakuna anayehesabu kwa sauti. Midomo hufungwa, kidole huloweshwa kwenye sponji, na mabunda ya noti kubwa, noti mia kila bunda, hupita mikononi kimya kimya. Kwa hiyo keshia mmoja aliposikia mtu akihesabu pamoja naye saa nne asubuhi, alidhani ni utani wa Lastiki, mzee wa meza ya pili, aliyejaza mkono mzima mipira ya kufungia noti. Lakini Lastiki alikuwa amefunga mdomo, macho yamemtoka.

"Tisini na nane. Tisini na tisa." Sauti ikakwama. "Mama, halafu?"

Ilikuwa sauti ya binti yake, na binti yake walikuwa wamemzika miezi miwili iliyopita.

Mtoto yule alijifunzia namba mapajani mwa mama, kwa vipande vya gazeti vilivyokatwa saizi ya noti. Kila akifika tisini na tisa alikwama, akauliza, mama akajibu "Mia!" wakacheka mpaka baba mtu akaja kuuliza kulikoni. Wengine wana nyimbo zao na watoto wao; hawa walikuwa na mia.

"Umesikia?" keshia alinong'ona.

"Nimesikia, dada. Na harufu naipata. Dawa ya kikohozi."

Tangu siku hiyo kila bunda lilihesabiwa naye, na kila sauti ilipouliza, keshia alifunga bunda bila kujibu, na ganzi ikapanda kidogo, kwanza vidole, kisha kiganja, hata nyumbani akawa hahisi joto la mtoto wake mchanga anapombeba. Mumewe akampeleka kwa mganga.

"Huyo si mwanao," mganga alisema. "Ni jini, limeokota sauti. Mara ya mwisho mtoto alipokuuliza, ulimjibu?"

Keshia akaangua kilio.

"Nilikuwa kwenye dirisha la malipo hospitali, nahesabu pesa walizotuchangia majirani. Yeye amelala kwenye benchi nyuma yangu, anahesabu na mimi, kikohozi kimemmaliza, hata pumzi hana. Akafika tisini na tisa, akaniuliza. Nikamwambia nyamaza, utanipoteza. Na nikapotea kweli. Nikaanza upya, maana kazini ndivyo tulivyofundishwa. Nilipogeuka na risiti..." Hakuweza kumaliza.

"Mjibu," mganga alisema kwa upole. "Litaondoka, na sauti litaondoka nayo. Usipojibu, ganzi ikifika moyoni utamfuata."

Kesho yake alifungua bunda la kwanza. Sauti ikauliza, naye hakujibu, kwa sababu alitaka kuisikia mara moja tu zaidi, na kwenye bunda la pili akataka tena mara moja tu, na la tatu hivyo hivyo, huku harufu ya dawa ikijaa chumba na mkono ukifa mpaka kwenye kiwiko, mpaka begani, na pumzi ndogo ya moto ikimgusa shingoni kama zamani alipokuwa amempakata, na Lastiki, mtu ambaye hata msibani hakosi la kuchekesha, akimlilia kwa sauti ya chini, "Dada, mjibu, nakuomba, una mdogo wake nyumbani, mjibu!"

"Mama, halafu?"

"Mia," alisema. "Ni mia, mwanangu."

Kicheko kikasikika karibu kabisa na sikio, kicheko chenyewe kile kile, kisha kikazimika. Harufu ikakatika. Vidole vikaanza kuuma, vikawa hai.

"Ashukuriwe Mungu," Lastiki alisema, akijifuta uso kwa shati.

Keshia akavuta bunda jingine. Akahesabu kwa sauti, kitu asichowahi kufanya miaka yote ya kazi, taratibu, noti moja moja. Alipofika tisini na tisa akasita, akainua kichwa.

Feni ilikuwa inazunguka.

"Ni mia, dada," Lastiki akamwambia.

"Najua," alijibu, akaendelea kusubiri.