Aliyepasha Kuku Maabara

Suti ya bluu ilimbana muuza oveni hadi kupumua ikawa kazi, lakini alisimama katikati ya ukumbi wa maonyesho akipiga kelele kama anayeuza nyanya. Watu walisukumana kupita. Mtafiti, dada mrefu mwenye gauni la kijivu na miwani iliyomshukia puani, hakuwa na haja naye, mpaka alipomsikia akiwaambia wateja eti kioo ni kimiminika, ndiyo maana madirisha ya zamani ni mazito upande wa chini.

"Kaka, nani alikudanganya?"

"Nilisoma mahali."

"Wapi, kwenye kiberiti? Madirisha hayo yalitengenezwa vibaya tangu mwanzo. Kioo cha dirisha kikitaka kutiririka, jua litazimika kwanza."

Wateja wakacheka. Muuza oveni, badala ya kununa, akacheka kuliko wote, kisha akamwomba namba ya simu. Mtafiti akampa ili anyamaze.

Simu zikaanza.

"Umeamkaje, profesa wangu?"

"Mimi si profesa, na wewe si wangu."

"Haya. Umekula?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza kama amekula. Mwanamume mpuuzi, manukato yake yanaumiza kichwa, na bado alimpenda, jambo lililomkera mno. Mama yake mdogo alipouliza huyo bwana ana nini hasa, alijibu, "Ana suti, mama mdogo. Mengine sijayaona."

Muuza oveni ndiye aliyeiuzia idara ya mtafiti oveni ya maabara, na ufunguo alikuwa nao kwa ajili ya ukaguzi. Siku moja alichungulia ndani.

"Mpenzi, hiki kisahani ni cha nini?"

"Wewe uza oveni. Haya hayakuhusu."

Angemweleza ya nini, mtu wa madirisha? Hakumwambia kwamba ndani ya kisahani mlikuwa na mchanganyiko wa vimiminika viwili, uliopozwa haraka ukawa kioo kabla molekuli hazijajipanga. Wala kwamba kwa joto dogo la oveni ile molekuli zilijisogeza taratibu mno zikitafuta kutulia, na yeye alitaka kujua kama zile ndogo hutulia kabla ya kubwa. Wala kwamba joto likizidi, kioo huyeyuka na kusahau miezi yote ya kutulia.

Siku ya kutoa matokeo ikafika. Alipopima, kioo kilikuwa kama kimeundwa jana, hakijatulia hata kidogo. Kwa kujiamini kwake kote akasimama mbele ya jopo la idara, akasema mchanganyiko huu hautulii kabisa. Mkuu wa idara, mzee anayesinzia kila kikao, aliamka ili acheke.

"Binti, kioo chochote hutulia. Kama kupima kumekushinda, maabara tutampa mwingine."

Alitoka, akaenda kuifungua oveni. Pale kwenye wavu palikuwa na tone la mafuta, na harufu ya kuku. Akapiga simu.

"Ulipasha nini kwenye oveni yangu?"

"Paja la kuku, mpenzi. Nilikuletea chakula, ukawa kikaoni, kikapoa."

"Ulijua umeniharibia kazi?"

"Niliona kimeyeyuka. Nikapunguza joto, kikaganda tena."

"Ukaniacha nisimame mbele za watu."

"Niliogopa utanidharau."

"Unadharauliwa kila siku."

"Kila siku ni utani. Hiyo ingekuwa kweli."

Akakata simu, akalia kwa hasira, na hasira yenyewe hakujua aielekeze wapi.

Asubuhi alikwenda kumbembeleza Mkuu. Mlangoni akasikia ile sauti ya kwenye ukumbi wa maonyesho. Jopo zima lilikuwa ndani, na suti ya bluu imesimama mbele yao.

"Ni mimi niliyepasha kuku. Kazi yake haina kosa."

Wazee wakacheka mpaka machozi. Mmoja akauliza kama kuku alikuwa na chumvi. Mkuu akasema binti aanze upya, maabara ni yake, ila kwa huyu bwana hawatanunua tena hata kijiko.

Mtafiti, aliyemcheka kila mtu tangu utoto, hakucheka. Hawa, ambao kazi yake hawajaisoma hata ukurasa, wamcheke mtu wake?

"Mmemaliza?" aliwauliza.

Akamshika mkono muuza oveni, akamwongoza hadi maabara. Huko muuza oveni akatoa kiboksi cha pete mfukoni.

"Niliinunua zamani. Niliogopa utaicheka."

Akaitazama. "Imekaa kama pete ya pazia."

"Niirudishe?"

"Nani kasema?" Akaivaa mwenyewe, kisha akavuta kiti na kukiweka karibu na oveni. "Kaa hapa. Nikueleze molekuli zinafanya nini humo ndani, tangu mwanzo."

"Nitaelewa kweli?"

"Usipoelewa, nitarudia."