Ganzi Begani

Bega la kulia la Fabian lilikuwa limelowa, na halikuwa jasho. Jovita, mkewe, alilipangusa kwa kanga, na kanga ikanuka ziwa.

"Umeoga ziwani?"

"Nimetoka kwata, mke wangu. Nimeoga saa ngapi?"

Asubuhi Fabian alikuwa mwalimu, jioni kuruta wa jeshi la akiba. Mwezi wa tatu sasa alikuwa akitoka shuleni na kwenda moja kwa moja uwanjani Buzebazeba kujifunza mgambo. Kuruta hapewi bunduki, huambiwa achonge yake ya mbao. Wenzake walikwenda kwa seremala. Fabian, mtu wa Singida anayependa vya bure, aliona ubao mzuri kwenye mabaki ya boti ufukweni Bangwe, akaukata, akauchonga bunduki. Hakujiuliza kwa nini ubao ule haujawa kuni ya mtu. Boti ile ilirudi ufukweni yenyewe, bila hata mmoja wa waliokuwa ndani, na hakuna mwenyeji aliyeigusa.

Wiki ya kwanza ya kuibeba, bega likawa baridi. Ya pili likafa ganzi, na ganzi ikashuka mkononi, ikahamia kifuani. Chaki zilimdondoka darasani asijue. Afande Martini, mkufunzi wao, alimsifu mbele ya wote kwa kusimama mguu sawa saa nzima bila kutikisika. Fabian hakufurahi wala hakuchukia.

Nyumbani, bunduki ilisimama nyuma ya mlango ikidondosha maji. Jovita akapangusa, yakarudi. Kisha mchana mmoja wa Jumapili, jua kali, akasikia sebuleni nyayo za watu wengi, nyayo tupu zilizolowa, zikipiga sakafu kwa pamoja, kushoto, kulia, zikimpita bila yeye kuona mtu, harufu ya maji yaliyooza ikizifuata, mpaka zikasimama mlangoni pa chumba alimolala binti yao Brigita, wa miezi miwili.

Alikimbilia ndani. Fabian alikuwa amembeba mtoto, amembana kifuani hadi midomo imegeuka bluu.

"Utamuua!" Jovita akampokonya.

"Sikumsikia," Fabian akasema taratibu. "Sikusikia hata uzito wake." Alitaka kuogopa, woga haukuja.

Jovita akampeleka Ujiji kwa Mama Verediana, mganga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mganga alisikiliza habari ya ubao, akashika lile bega, akaliachia haraka. "Jini lililowachukua wale wa boti linaujua ubao wake, mwanangu. Kila ukiubeba, linakuona wake."

"Tufanyeje, mama?" Jovita alinong'ona.

"Aurudishe alikoutoa, kukipambazuka. Akiuweka, aondoke asitazame nyuma. Akiitwa, asiitike. Akigeuka tu, huyo si wako tena."

Kulipopambazuka Fabian akauweka ubao kwenye boti, akageuka, akamshika mkewe mkono. Hatua ya tano akasikia mchanga chini ya nyayo. Ya kumi, bega likamuuma, akalia kwa furaha ya kuumwa.

"Mkono wako una joto," akasema. "Twende nikambebe Brigita."

Nyuma yao mtu akamwita kwa jina. Hakuitika. Ikaja sauti ya marehemu mama yake, ikimsihi, kisha kilio cha kichanga, kilio hasa cha Brigita, kikitokea majini, naye akauma meno, akazidi kwenda, jasho likimtoka, Jovita akimnong'oneza "Usigeuke, baba Brigita, tumeshafika, usigeuke," na barabara ikawa pale mbele, hatua nne, tatu. Kukawa kimya. Halafu kinywa kilichojaa maji kikaamrisha kisogoni pake:

"Kuruta! Nyuma... geuka!"

Miguu ya Fabian, iliyofundishwa miezi mitatu kutii kabla kichwa hakijafikiri, ikageuka. Kisigino kikagonga chini.

"Fabian!" Jovita alimvuta kwa nguvu zake zote. Ule mkono ulikuwa umeshapoa.

"Ndiyo, afande," Fabian akajibu. Akaanza kutembea kuelekea majini, kushoto, kulia, bila haraka, mkewe akining'inia begani mwake akipiga mayowe, na yeye hasikii kitu.