Bunduki Iliyompisha Ndafu

Siku ya Kindness ilianza kwa ng'ombe, si kwa kitabu. Alikatakata mgomba, akajaza hori, akakamua, akapeleka maziwa kwenye kituo cha kukusanyia, ndipo akavaa sare ya darasa la saba. Mama yake alikwisha kufariki, na kazi za mama hazikuwa na mtu mwingine. Baba yake, Mzee Eliaichi, saa hizo alikuwa njiani kuteremka Kahe kwenye shamba lao la mahindi.

Huko Kahe ndiko kulikotoka chakula chao cha mwaka, na huko ndiko nguruwe pori walikojikaribisha. Kwa ajili yao Eliaichi alikuwa na bunduki aliyorithi kwa baba yake, yenye leseni halali. Sheria ilimtaka aifungie kwenye kabati la chuma, naye aliifungia miaka yote. Aliteleza mara moja tu.

Ilikuwa Jumamosi, na kesho yake Kindness angepata kipaimara. Fredy, jirani aliyesifika kwa kuchoma nyama, alikuwa amemaliza kuchoma ndafu ya sherehe. Yule mbuzi mzima aling'aa kwa mafuta.

"Mzee, huyu tunamlaza wapi?" Fredy aliuliza. "Mbwa wa kijiji kizima wamejipanga pale kama wazee wa kanisa."

Watu walicheka. Eliaichi hakucheka. Ndafu ikiliwa na mbwa kabla ya wageni, ukoo ungeisimulia aibu hiyo mpaka siku ya mazishi yake. Na katika nyumba yote, kitu chenye kufuli kilikuwa kimoja. Akaitoa bunduki kabatini, akapanda juu ya zizi, akaifukia kwenye majani makavu. Kisha akamwita Fredy alete mbuzi.

"Baba, na bunduki?" Kindness alinong'ona.

"Ni mpaka kesho tu. Nyamaza."

Sherehe ilifana. Jumatatu Eliaichi alipopanda juu ya zizi, alikuta majani matupu.

Njiani kwenda polisi alimshika binti yake mkono kwa nguvu. "Wakikuuliza, ilikuwa kabatini. Wezi walifungua kwa funguo bandia. Ukitaja majani, bunduki sitaiona tena, na mimi nitalala ndani. Umenisikia?"

"Nimesikia, baba."

Jana yake mchungaji alikuwa amemwekea mikono kichwani. Leo alisimama mbele ya askari, akasema uongo neno kwa neno.

Baada ya muda habari njema ilifika. Bunduki ilikuwa imekamatwa njia ya Holili, karibu na mpaka, ndani ya gunia la vitunguu. Eliaichi alikwenda kituoni na leseni yake, akiwa amevaa shati la kanisani. Afande Godlove aliitoa bunduki, akamwonyesha.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo yenyewe, afande! Mungu akubariki."

"Basi iangalie vizuri, maana kuangalia ndiko utakakopata leo. Rudi wiki ijayo."

Aliporudi, aliambiwa mkubwa amesafiri. Safari nyingine, jalada liko Moshi. Safari nyingine tena, afande alijiziba pua. "Mzee, unanuka zizi. Kangoje nje." Eliaichi alingoja juani mpaka ofisi ikafungwa.

Nguruwe hawakungoja. Kindness aliacha shule akashinda Kahe akipiga debe kuwafukuza, lakini wale wanyama walikwisha kulizoea debe kama kengele ya chakula. Siku aliporudi darasani, Magdalena, aliyekaa naye dawati moja, alisogea pembeni.

"Eti baba yako anakodisha bunduki kwa majambazi?" aliuliza kwa sauti ya kusikika na wote. "Usinipige risasi, jamani!"

Darasa zima liliinua mikono juu na kucheka.

Mwishowe baba na binti waliitwa kituoni pamoja.

"Aliyekamatwa na bunduki ni Fredy, mchoma nyama wako," Afande Godlove alisema. "Anasema aliitoa kwenye majani. Alipoweka mbuzi kabatini aliona bunduki haipo, akaitafuta. Wewe umetuambia habari za funguo bandia. Sasa mmoja wenu anadanganya. Mimi naona ulimkodisha, alipokwenda nayo moja kwa moja ukasingizia wizi. Vua mkanda. Vua viatu."

Eliaichi alivua. Miguu yake juu ya saruji ilionekana mizee ghafla.

"Shikamoo, afande," Kindness alisema. "Mimi ndiye niliyedanganya. Bunduki ilikuwa kwenye majani. Kabatini kulikuwa na ndafu. Baba hakumpa mtu yeyote."

Afande alimtazama, kisha akacheka mpaka akashika meza. "Njooni!" aliwaita wenzake. "Njooni mumwone mzee anayemfungia mbuzi aliyekwisha kuchomwa, asije akatoroka!"

Walikuja, wakacheka, na mmoja akalia kama mbuzi. Eliaichi aliinamisha kichwa. Hata hivyo walimweka mahabusu.

Mahakamani Eliaichi alisema kweli yote. Maelezo yake, ya binti yake na ya Fredy yalikubaliana. Hakimu alimwonya vikali kwa uzembe na kwa kudanganya polisi, akaamuru kabati likaguliwe na bunduki irudishwe. Ilirudi ina kutu na kitako kimepasuka. Hakuna aliyemwambia pole.

Siku iliyofuata waliteremka Kahe. Shamba lilikuwa limelala chini. Hapakubaki hindi la kuchoma. Eliaichi aliketi ukingoni mwa mfereji.

"Baba, nisamehe. Ningesema mapema."

"Nani alikufunga mdomo? Ni mimi." Aliokota bua lililokanyagwa. "Sikiliza, mwanangu. Wale polisi wangeninyanyasa hata kama ningesema kweli, ndivyo walivyozoea. Lakini wangenisumbua siku chache, wakachoka. Uongo wangu ndio uliowapa msimu mzima. Mwenye cheo akidanganya, ana wenzake wa kumfichia. Mimi na wewe hatuna mtu. Basi sema kweli siku ile ya kwanza, hata ikikuaibisha, na hata kama anayekutuma kudanganya ni baba yako."