Abiria wa Upande wa Kushoto

Jioni ile kaka alinituma uzi.

Ule mnene, wa mafundi viatu, kwa sababu wangu ulikuwa umeniishia katikati ya mshono. Mimi ni fundi viti. Nashona viti vya magari, makochi, hata viti vya vinyozi. Kaka ni fundi bodi, na bati likishapita mikononi mwake huwezi kujua lilibonyea wapi. Kwa hiyo jipu lile kuukuu lilipoingia uani kwetu likivutwa kwa kamba, majirani walicheka, sisi, kaka na dada, tukakunja mikono ya mashati.

Tuliliita Kobe. Kutu ilikuwa imelila hadi kwenye roho. Kwa miezi saba kaka alikata sakafu iliyooza akachomelea mpya, akalinyanyua juu, akalivalisha matairi mapana yenye meno, akalifungia mbele winchi ya kujivuta likikwama. Nyuma alitengeneza ngazi ya kukunja na kishikio cha bomba.

Ngazi ile ilikuwa ya mama. Huu ulikuwa mwaka wa tatu tangu miguu imkatae, na alichobaki akikitaka ni kimoja tu: kumwona mdogo wake, mama yetu mdogo, anayeishi nyuma ya vilima, ng'ambo ya mto, kwenye njia ambayo gari ndogo haithubutu. Nipelekeni kabla jicho halijafumba, alikuwa akituambia. Kisha anageuza mzaha, kwamba watoto wake ni mafundi wa magari ya watu, na yeye ni abiria wa kitanda.

Niliporudi na uzi, jua lilikuwa linazama. Kaka alikuwa amechuchumaa nyuma ya jipu, futi ya kupimia mkononi. Akanionyesha kwa kidevu.

Jipu lilikuwa limelalia kushoto, upande wa nyuma. Si sana. Vidole viwili.

Nikamwambia ni springi. Akasema springi ni mpya, zote mbili, amezifunga juzi, na shokapu pia. Asubuhi amepima, pande zote sawa. Mchana amepima, sawa. Akaweka futi tena mbele ya macho yangu.

Vidole viwili.

Hapo ndipo tulipoisikia springi. Kwiii... taratibu, kama inavyolia mtu mzito anapojigeuza kitini ili akae vizuri.

Ndani ya jipu hapakuwa na mtu.

Palikuwa na harufu. Tope la mtoni, na chini yake dawa ya kuoshea vidonda.

"Umesikia?" kaka akanong'ona.

"Nimesikia."

"Ingia ndani. Usikimbie."

Asubuhi jipu lilikuwa sawa kama meza. Kaka akabadilisha springi, ya kushoto akaipeleka kulia, ya kulia kushoto. Jioni likalala kushoto vilevile. Akalihamishia upande wa pili wa ua, akidhani ni ardhi. Likalala kushoto. Siku nne mfululizo, na kaka, ambaye hupiga mluzi hata akiwa anachomelea, aliacha mluzi.

Siku ya tano nilikuwa namgeuza mama kitandani. Kitanda chake kiko dirishani, na dirisha linatazama uani. Akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayekumbusha adabu, mbona mgeni hatumkaribishi ndani.

Nikamuuliza mgeni gani.

"Mama yule anayekaa kwenye gari. Anakuja kila jioni. Nikimpungia mkono, naye ananipungia."

Niliivuta shuka nikamfunika, nikatoka nikaenda jikoni.

Kesho yake, saa sita mchana, jua likiwa utosini, nilikifumua kile kiti. Viti vya mbele nilikuwa nimeshavimaliza. Cha nyuma kilikuwa bado na ngozi yake ya zamani, na nilijiambia kwamba kazi ni kazi. Kaka alisimama pembeni, amejishika kiuno.

Mshono wa upande wa kushoto haukuwa wa fundi. Hilo nililiona mara moja. Fundi, hata mbaya, ana hatua yake. Huyu alishona mara karibu karibu, mara mbali, sindano imetoboa mahali pamoja mara tatu. Alishona mtu ambaye mikono yake haikuwa imetulia.

Nikaondoa ngozi. Nikaondoa sponji. Chini yake, kwenye waya za kiti, palifungwa kifundo. Kipande cha nguo ya maua, mafundo saba, nywele za mtu zikichungulia kwenye kila fundo, na uzi mwekundu umeyazungusha na kuyabana kwenye chuma.

Mkono wangu umezoea mkasi. Uzi usio mahali pake huukata bila kufikiri, na siku ile mkasi ulifika kabla ya akili.

Kacha.

Jipu likazama kushoto. Mchana kweupe, mbele ya macho yetu, vidole viwili.

Na safari hii halikuinuka tena. Lilikaa hivyo mchana kutwa, likakaa hivyo hadi asubuhi. Nilichokikata, tuliambizana baadaye, kilikuwa kamba ya mtu.

Jipu tulikuwa tumepewa na dereva mmoja mstaafu wanayemwita Mzee Honi, kwa sababu enzi zake alikuwa hapiti kona bila kupiga honi. Alitupa bure. Wakati ule tulimwona mtu wa moyo. Sasa kaka akakumbuka namna alivyotupa funguo, kama mtu anayetua kaa la moto, na kwamba hakutaka hata kusindikiza gari lake hadi barabarani.

Tulimkuta nyumbani kwake, mapazia yamefungwa mchana. Alipoona kile kifundo mkononi mwa kaka, alikaa chini sakafuni. Hakutafuta kiti.

Alitusimulia akitazama viganja vyake. Zamani aliendesha jipu lile kwa zahanati moja. Jioni moja alitumwa vilimani kumchukua mwanamke mgonjwa asiyeweza kutembea. Walikuwa wawili tu njiani, yeye usukani, mgonjwa nyuma, kushoto. Walipofika kivukoni mgonjwa akanyamaza. Akamwita, kimya. Akaogopa. Aliona ataulizwa, ataambiwa aliendesha vibaya, ataambiwa amemuua. Akamshusha, akamlaza ukingoni mwa maji, akaondoka. Kwenye zahanati alisema hakumkuta.

"Alikuwa amekufa?" nikamuuliza.

Mzee alikunja viganja vyake.

"Nilidhani hivyo."

Kuanzia wiki ile abiria wake alirudi garini, kila jioni. Alipoanza kumfuata hadi mlangoni mwa nyumba, mzee alikwenda kwa mganga. Mganga akampa sindano, akamwambia amshone mwenyewe, kwa mkono wake, kwa nywele na kipande cha nguo alivyoviacha kitini, abaki kitini asivuke nje ya gari. Kila jioni kwa miaka yote ile alimsikia akisema neno moja tu, nirudishe. Mzee alituambia tumpeleke kivukoni, tufungue mlango, tungoje ashuke. Na akatukanya tusimpakie mtu mwingine nyuma. Kaka alimuuliza kwa nini.

"Kwa sababu alitaka kutembea," alisema. "Njia nzima alikuwa anaomba miguu."

Tulirudi nyumbani mbio. Tulipanga kwenda wawili tu, mama tumwache na jirani. Nikaingia chumbani kumuaga.

Kitanda kilikuwa kitupu.

Tulimkuta kwenye jipu. Amekaa nyuma, upande wa kulia, nguo zake nzuri mwilini, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani. Mama ambaye kwa miaka mitatu hakuvuka kizingiti bila kubebwa.

"Nani amekupandisha, mama?" kaka aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Kanishika mkono," mama akasema. "Anasema mnakwenda upande wa mdogo wangu. Twendeni, wanangu, jua linaondoka."

Tulijaribu kumshusha. Nasema kweli, tulijaribu. Alishika kile kishikio cha bomba, na vidole vyake, ambavyo hata kijiko vilikuwa vikiangusha, havikufunguka. Akaanza kulia. Kaka alinitazama, nami nikamtazama. Tukasema ni kwenda na kurudi. Nilipanda nikakaa mbele.

Hatukuongea njia nzima. Matairi yalikanyaga mawe, injini ikaguna kwenye vilima, na nyuma yetu mama alikuwa anazungumza. Chini chini, kama wanawake wawili wanaochambua mboga. Anauliza, ananyamaza, anacheka kidogo. Mara moja nilimsikia akisema: "Si mbali. Ukivuka, ni nyumba ya tatu." Nilibana mikono katikati ya magoti.

Tukafika kivukoni wekundu wa jua ukiwa bado juu ya maji. Mto ulikuwa mdogo, unafika kwenye vifundo vya miguu tu. Kaka alizima injini. Nilishuka, nikazunguka, nikafungua mlango wa nyuma wa kushoto, nikarudi nyuma hatua tatu.

Tukangoja.

Hakuna ndege. Hakuna chura.

Kwiii...

Jipu likainuka upande wa kushoto. Vidole viwili, polepole. Harufu ya tope na dawa ikanipita usoni. Kwenye maji nikaona viduara, kimoja, kingine mbele yake, kama mtu anayevuka akipapasa.

Nikapumua. Nikashika mlango nifunge.

Springi ikalia mara ya pili.

Safari hii ilikuwa ya upande wa kulia. Nilifunga mlango. Sikuchungulia ndani. Hilo ndilo ninalojiuliza hadi leo, kwa nini sikuchungulia.

Niliporudi mbele, mama alikuwa ameinamisha kichwa kama aliyesinzia. Kaka akamwambia kwa upole kwamba sasa njia ni nyeupe, tuvuke tumpeleke kwa mama mdogo.

"Hapana," mama akasema, hakuinua uso. "Nipelekeni nyumbani."

Uani kwetu kaka alikunjua ngazi, akanyoosha mikono amdake. Mama aliisogeza mikono ile pembeni. Akashuka ngazi moja, akashuka ya pili, akatua chini kwa miguu yake, akatembea hadi mlangoni bila kushika chochote.

Kaka alipiga magoti pale pale kwenye vumbi akalia. Majirani walikuja, wakashangilia, wakatuambia jipu lile lina baraka. Nilicheka pamoja nao. Ungefanya nini? Mama yako akitembea, unacheka.

Siku iliyofuata alifagia ua. Alipika. Alifua mashuka yote ya kitanda kile na kuyaanika. Alikuwa mpole, kuliko hata zamani. Mzaha tu ndio haukuwepo. Simu ya mama mdogo ilipoita, mama alisikiliza kidogo, akanipa. "Kuna mtu anakutafuta," akasema, akaendelea kukuna nazi. Nilijiambia ni uchovu.

Siku ya tatu Mzee Honi alikuja kujua yaliyotokea. Nilikuwa nje nakata ngozi ya kiti. Mama alikuwa kwenye kamba, anaanua nguo, ametupa mgongo. Wawili hao hawakuwahi kukutana maishani, hilo nalijua.

Mzee alipiga hodi. Mama akageuka, nguo zikiwa mikononi. Akamtazama muda mrefu, bila hasira yoyote.

"Dereva," akasema. "Umezeeka."

Mzee aliweka mikono kichwani, akarudi nyuma kinyumenyume hadi nje ya geti. Wiki hiyo hiyo alihama, na waliomwona akipakia vitu wanasema alikuwa amefunga mlango wa chumbani kwa misumari, kutoka nje.

Nilimweleza kaka. Aliniomba, kwa heshima yote ya kaka kwa dada, nisirudie kamwe maneno yale. Akasema mama yetu anatembea, ningetaka nini zaidi. Ameanza tena kupiga mluzi. Sina moyo wa kumnyang'anya.

Jana jioni mama mdogo alipiga tena. Alikuwa ananong'ona, kama mtu aliyejificha ndani ya nyumba yake. Aliuliza dada yake yuko wapi. Nikamwambia yupo jikoni, namwona kutoka nilipokaa.

Nikasikia anapumua.

Akasema kwamba tangu jioni ile tuliyokwenda mtoni, kila jua likizama anamsikia dada yake akimwita, kwa jina lao la utotoni ambalo hata waume zao hawakulijua. Siku ya kwanza sauti ilitoka mtoni. Siku ya pili ilikuwa kwenye mwanzo wa mashamba. Inasogea kidogo kidogo, kama mtu anayejikokota kwa viwiko, akipumzika, akijikokota.

"Na leo?" nikanong'ona. "Leo amefika wapi?"

"Yuko nyumba ya pili," mama mdogo akasema. "Analia, mwanangu. Anasema ana baridi. Nimfungulie?"

Jikoni, sufuria ilitulia. Yule mwanamke akageuza uso wake mwema, akanitazama, akaniuliza ni nani huyo kwenye simu.

Nilimwambia wamekosea namba.